Nani Kakupa Masi?

Kila alasiri akitoka shule msichana alifanya mambo yaleyale. Alivua sare, akaosha vyombo vya mchana, akafuta meza ya jikoni, kisha akasubiri mbao zikauke, kwa sababu karatasi ikilowa wino hutambaa, na mtahini hana muda wa kuhangaika na wino uliotambaa. Halafu aliketi, akachukua rula, akapiga mstari katikati ya ukurasa kutoka juu hadi chini. Kushoto akaandika KABLA. Kulia akaandika BAADA.

Ndivyo mwalimu wao wa fizikia alivyowafundisha, na ndiyo maana shule nzima ilimwita Kabla-na-Baada, hata mlinzi wa getini, hata mkuu wa shule alipojisahau. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza kama kiti kinachoburutwa. "Mgongano wenyewe hatuujui," alizoea kusema. "Mgongano ni giza. Humo ndani nani kasukuma nani, hakuna shahidi. Lakini kabla tunakujua na baada tunakujua, na jumla ya momenta haipotei. Zidisha masi kwa kasi, kila kitu na chake, ujumlishe. Kilichopungua hapa kimekwenda pale. Kitafute!"

Mtihani wa taifa ulikuwa umebisha hodi, na msichana alikuwa akiyapenda maswali hayo kuliko yote. Mambo ya nyumbani kwao yalikuwa hayajumlishiki. Ya kwenye karatasi yalijumlishika.

Siku hiyo alikuwa ameshaandika KABLA, kalamu iko njiani kwenda BAADA, kiti kikaburutwa sakafuni. Baba yake akaketi mbele yake.

Saa kama hiyo hakuna aliyeketi pale. Tangu atolewe kwa dhamana, baba alikuwa akishinda mlangoni, mgongo kaupa nyumba, uso kaupa barabara ambayo ni kama hakuwa akiiona. Watu walipita wakimsalimu haraka haraka, salamu ya kutupa kama mtu anayemwaga maji machafu.

Habari yenyewe mtaa mzima uliijua. Baba alikuwa dereva wa malori tangu kabla binti yake hajazaliwa. Jioni moja, akirudi nyumbani, alimgonga kijana mmoja aliyesimama kando ya barabara na pikipiki yake, nyuma kafunga kreti za soda. Kijana hakufa palepale. Alirushwa mtaroni, akalala humo mpaka asubuhi, wafagiaji wa barabara wakamkuta amekata roho lakini bado ana joto. Daktari aliandika kwamba angeletwa jioni ileile angepona. Lori halikusimama. Polisi waliokota vipande vya kioo cha taa, wakavifuata mpaka yadi.

Na baba alikuwa na neno moja tu, alilowaambia polisi, ndugu zake, wakili, na mke wake. "Sikusikia kitu. Nilidhani shimo."

Basi kila kitu kilining'inia hapo. Kama hakusikia, ilikuwa ajali, na ajali haina kinga. Kama alisikia, alimwacha mtu mtaroni kama mtu anavyomwacha mbwa. Mama hakusema kama anaamini au haamini. Mama alikuwa mhudumu wa wodi ya majeruhi. Asubuhi ile alikuwa zamu, na ni yeye aliyemwosha yule kijana tope la mtaro, masikioni, puani, katikati ya vidole, kabla hajajua ni nani aliyemtia humo. Alipojua, hakupiga kelele. Alichukua mto wake akahamia chumba cha binti. Tangu hapo alizungumza na mumewe kwa kupitia mtoto.

"Mwambie baba yako maji ya kuoga yapo."

"Baba, Mama anasema maji yapo."

"Mwambie nimesikia."

Na wote watatu wako jikoni, urefu wa mkono mmoja.

Kwa hiyo msichana alipomwona baba yake mezani, kalamu ilimponyoka.

"Hebu nione," baba alisema.

Aliufunika ukurasa kwa kiwiko, lakini kiwiko hakifuniki ukurasa. Swali lilikuwa la mtihani wa zamani: lori lenye tela na shehena, masi yake kilo elfu arobaini na tano, likienda kwa kasi ya mita ishirini kwa sekunde, linagonga gari dogo lililosimama, vyote vinashikana na kwenda pamoja. Naye kwa mazoea alikuwa ameshachora sanduku kubwa lenye magurudumu mengi, na mbele yake kisanduku.

"Hilo lori ni langu?"

"Hapana, Baba. Ni la baraza la mitihani."

Baba akacheka. Kicheko kilitoka na kutu, kama bawaba ya mlango wa stoo. "Na dereva wa baraza yuko wapi? Mbona hukumchora?"

"Dereva hachorwi. Anahesabiwa ndani ya masi ya lori."

"Ndani ya masi." Aliyaonja maneno hayo. "Na mimi mahakamani ningependa wanihesabu humohumo." Kisha akaweka kidole juu ya kile kisanduku. "Toa hiki. Weka pikipiki."

"Baba..."

"Weka, mama. Si unajua hesabu? Weka pikipiki na mtu wake na kreti zake. Polisi waliandika kilo mia mbili na hamsini, jumla."

"Imesimama?"

"Imesimama. Mnyororo ulikuwa umetoka, wanasema. Alikuwa ameinama anaurudisha."

Msichana hakumwangalia usoni. Alifuta gari dogo, akachora pikipiki vibaya, magurudumu mawili na kijiti. Mtu hakumchora. Arobaini na tano elfu mara ishirini, laki tisa. Pikipiki, sifuri. Jumla ya kabla, laki tisa. Jumla ya baada ni hiyohiyo laki tisa, ila sasa imebebwa na kilo elfu arobaini na tano, mia mbili na hamsini. Kikokotoo kikatoa kumi na tisa nukta themanini na tisa.

"Yaani nini?"

"Yaani lori lilikuwa na ishirini, sasa lina karibu ishirini. Limepoteza sifuri nukta moja moja. Mwendo wa kobe, Baba. Ndio uliopungua, basi."

"Na yeye?"

"Nani?"

"Yeye. Yeye alipata ngapi?"

Msichana alitazama kikokotoo kana kwamba huenda kimebadili mawazo. "Kumi na tisa nukta themanini na tisa. Kutoka sifuri."

Nje mtu alikuwa akimwita mtoto wake aje kuoga.

"Sasa nipigie moja," baba alisema, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. "Huyo dereva. Aliye ndani ya masi. Angesikia?"

Kwa hilo pia kulikuwa na njia, na njia hiyo alikuwa ameirudia mara nyingi: badiliko la momenta gawanya kwa muda, unapata kani. Alichukua dereva wa kilo themanini, akachukua mgongano wa sehemu ya kumi ya sekunde, kama maswali mengi yanavyofanya. Jibu lilikuwa dogo. Lilikuwa sawa na kuegemezewa kifuani ndoo ya maji isiyojaa, kwa muda wa kufumba na kufumbua, ndani ya lori ambalo lenyewe linatikisika usiku na mchana.

"Asingejua," alisema. "Angedhani shimo."

Baba alijifunika uso kwa viganja vyote viwili. Mabega yake yalishuka, na msichana, ambaye hakuwahi kumwona akilia, hakujua aweke wapi macho, akayaweka kwenye rula.

"Sema tena."

"Angedhani shimo, Baba."

"Injinia wangu," alisema ndani ya viganja. "Injinia wangu. Mwambie mama yako."

Mama aliporudi kazini alikwenda bombani nyuma ya nyumba, akawa anakamua magauni yake ya kazi, yananuka dawa ya kuulia vijidudu ambayo haitoki hata uyafue mara tatu. Msichana alisimama pembeni, akaanza, akaacha, akaanza tena. Kusema hakukuwa kipaji chake. Darasani jibu lilimjia kwanza, mdomo ukafuata wakati wenzake wameshafika swali jingine.

"Mama, nimepiga hesabu."

"Vizuri."

"Ya Baba."

Mama aliendelea kukamua. "Nani kakutuma?"

"Ameniuliza mwenyewe." Na alipokwisha kuanza akaeleza yote, kwa ndoo iliyokuwa pale na beseni na kopo la plastiki. Alisukuma ndoo iliyojaa dhidi ya kopo tupu. Kopo liliruka mpaka ukutani. Ndoo haikushtuka hata maji yake. "Umeona? Ndoo haina habari."

Mama aliliangalia kopo, si ndoo. Aliliangalia muda mrefu pale lilipolala ubavu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo hesabu inasema hakusikia."

"Inasema asingeweza kusikia."

"Haikosei?"

"Jumla ya kabla na jumla ya baada zinakutana, Mama. Haiwezi kukosea."

Mama akaketi juu ya jiwe la kufulia, gauni limemlalia magotini likichuruza maji. "Mungu anisamehe," alisema, "kwa yote niliyomuwazia yule mtu."

Jioni hiyo aliingia jikoni, akaweka kikombe mezani, akasema, "Chai yako hiyo."

Baba aligeuka nyuma kutazama anaambiwa nani.

"Wewe," mama akasema. "Au unataka uitiwe tarumbeta?"

Msichana aliangua kicheko akiwa na tonge mdomoni, nusura limpalie, na wote wawili wakampiga mgongoni kwa pamoja, mkono mmoja mwepesi na mmoja mzito. Ilikuwa imepita muda mrefu bila mikono hiyo miwili kufanya jambo moja kwa pamoja. Baada ya hapo mambo yalianza kurudi mahali pake, kidogo kidogo, kama samani baada ya mafuriko. Mama aliuliza kesi inatajwa lini tena. Baba alinyoa ndevu. Alimweleza wakili habari za hesabu, na wakili akasema, kwanza kwa kucheka na kisha bila kucheka, kwamba alete karatasi iliyoandikwa vizuri, atatafuta mtaalamu mwenye vyeti wa kuisema mbele ya hakimu. "Jumatatu nampelekea," baba alisema. "Niandikie kwa mwandiko wako wa Jumapili, Injinia."

Msichana aliahidi. Moyo wake ulikuwa mwepesi hata njiani kwenda shule miguu ilimtangulia.

Jumamosi kulikuwa na darasa la marudio. Kabla-na-Baada aliandika ubaoni swali la behewa la kilo elfu ishirini, wakalifanya. Akafuta nusu ya ubao, akaandika jingine: behewa linakwenda kwa mita nne kwa sekunde, linagonga jingine lililosimama la kilo elfu kumi, yanaungana, kasi baada ya kuungana ni ngapi? Vikokotoo vikalia darasa zima kama panzi. Mbili nukta sita saba, walisema kwa kwaya.

"Wote?"

"Wote, Mwalimu!"

"Behewa la kwanza lina masi gani?"

"Elfu ishirini!"

"Nani kakupa masi?"

Mmoja wa nyuma akajitosa: "Swali lililopita, Mwalimu."

"Ahaa. Swali lililopita lina behewa lake, na wewe umelifungua huko, umekuja kulifunga huku. Mnajua mnaitwa nani? Wezi wa mabehewa!" Darasa likacheka. "Masi haiokotwi njiani, watoto wangu. Hesabu yako inaweza kuwa safi kama maji ya mtungi, kabla na baada zikakumbatiana, na bado ukawa umejibu swali la mtu mwingine. Hukupewa, uliza!"

Wenzake waliendelea kuitana wezi mpaka kengele. Yeye alikuwa amekaa na rula mkononi.

Kilo elfu arobaini na tano. Nani kakupa?

Baraza la mitihani.

Njia nzima alijituliza. Baba amebeba saruji miaka yote. Tani arobaini na kitu ni kawaida yake. Bila shaka siku ile pia. Lilikuwa swali la kuuliza tu, kama mtu anayerudi nyuma kuhakikisha amefunga mlango ambao anajua ameufunga.

Alimkuta uani anapiga viatu rangi, anapiga mluzi. Mama alikuwa ndani, alisikika akihamisha vitu.

"Baba, siku ile ulikuwa umebeba nini?"

"Siku ipi?"

"Ile."

Hakuinua hata kichwa. Siku hizi mbili tatu alikuwa ameanza kuizungumza siku hiyo kama siku nyingine. "Sikubeba kitu. Tela niliiacha yadi, ekseli imekatika. Nilikuwa narudi na kichwa cha lori kitupu, ili asubuhi nimpitie fundi."

"Kichwa kitupu."

"Kichwa kitupu. Na kichwa kikikosa tela, mama, ni mbuzi aliyekatiwa kamba. Kinaruka hicho! Ukikanyaga hata ganda la ndizi unalisikia uti wa mgongo." Akatemea mate ncha ya kiatu, akasugua.

Hakujua alichosema. Kwake mzigo ulikuwa habari ya karani wa yadi, haukuhusiana na lile jambo jingine. Msichana alimwangalia mkono unavyozunguka na kitambaa, mkono uliomfundisha kuendesha baiskeli.

"Kina kilo ngapi, kichwa?"

"Tani saba na robo. Imeandikwa mlangoni. Vipi, baraza limekipenda?"

Alisema anakwenda kusoma. Njiani akapishana na mama kwenye korido nyembamba. Mama alikuwa amebeba mto wake kifuani, anatoka nao chumba cha binti kwenda kule kwingine, na alipomwona alitabasamu kwa aibu kama mwari.

"Utalala kwa nafasi sasa," mama alisema. "Maana unarusha miguu kama punda."

Msichana alisema ndiyo. Akaingia, akafunga mlango, akapiga mstari katikati ya ukurasa.

Elfu saba mia mbili na hamsini, mara ishirini: laki moja na elfu arobaini na tano. Gawanya kwa elfu saba na mia tano. Kumi na tisa nukta tatu tatu. Kilichopotea, sifuri nukta sita saba. Karibu mara sita ya ile ya kwanza. Dereva kilo themanini, sehemu ya kumi ya sekunde. Alipomaliza aliligeuza jibu kuwa kitu ambacho mikono inakijua, kama alivyofanya na ndoo ya maji. Safari hii lilikuwa mfuko wa saruji. Mfuko mzima, umemwangukia mtu kifuani akiwa amefungwa mkanda.

Alianza kumtafutia baba pa kutokea. Labda mgongano ulichukua muda mrefu zaidi. Akaweka nusu ya sekunde, namba ikapungua, lakini pikipiki si godoro, haiwezi kubonyea nusu ya sekunde mbele ya chuma kinachokwenda hivyo. Labda kasi ilikuwa ndogo. Akaishusha mpaka nusu, ukabaki nusu mfuko. Labda havikushikana, pikipiki iliruka mbele. Hilo lilikuwa baya zaidi, maana kinachoruka huchukua zaidi. Kila mlango alioufungua ulimrudisha uani, kwenye ganda la ndizi linalosikika uti wa mgongo. Mwishoni alikuwa na kurasa nzima za KABLA na BAADA, na hakuna hata moja aliyoweza kuikabidhi kwa mtu.

Angeweza kunyamaza. Hilo alilijua vizuri, ndilo lililomkosesha raha. Hakuna aliyemuuliza masi. Wakili asingeuliza, mama asingeuliza. Kuna kitanda kule kilikuwa kimepata mito miwili kwa sababu yake. Na kulikuwa na kijana ambaye hakumchora, aliyeinama kurudisha mnyororo, naye pia hakuuliza kitu.

Jumapili mchana walikula wote mezani. Mama alikuwa amevaa kitenge cha kutokea. Baba alisimulia habari ya dereva mwenzake aliyesimamisha lori kumsubiri kinyonga avuke, foleni nyuma ikafika kilomita mbili, na mama, ambaye hadithi hiyo aliisikia tangu uchumba, alicheka kana kwamba kinyonga ni mpya.

"Haya, Injinia," baba alisema akifuta mikono. "Iko wapi karatasi ya wakili?"

"Sijaiandika."

"Umeshikwa na uvivu?"

"Nilikosea masi."

"Basi rekebisha. Futa, andika. Kosa la karatasi lina tabu gani?"

"Nimerekebisha." Sauti yake ilikuwa ndogo hata mama aliacha kukusanya sahani ili aisikie. "Niliweka lori lenye tela na mzigo. Lile la baraza. Siku ile ulikuwa na kichwa kitupu."

"Ndiyo. Sasa?"

"Jibu limebadilika."

"Limebadilika kuwa nini?"

"Sifuri nukta sita saba."

Baba alimgeukia mama akitabasamu. "Unasikia mwanao? Sifuri nukta. Sifuri si sifuri tu? Juzi nukta, leo nukta."

"Juzi ilikuwa ndoo ya maji," msichana alisema. "Leo ni mfuko wa saruji. Hapa." Akajigusa kifuani, mahali mkanda unapopita.

Tabasamu la baba lilibaki usoni muda kidogo baada ya furaha yenyewe kuondoka. "Sikiliza, mama. Mimi nimeendesha kabla hujaota meno. Wewe ulikuwepo? Karatasi yako ilikuwepo? Mtoto anakaa na rula jikoni, anataka kunifundisha barabara!"

"Hapana, Baba."

"Sasa unasema nini?"

"Nasema jibu limebadilika."

"Umeshasema hilo! Mimi nakuuliza unasema nini!"

"Mwache aseme," mama alisema.

"Na wewe usiingilie."

Lakini mama alikuwa ameshaweka sahani chini. Alikuwa anamwangalia mumewe, si usoni, bali begani, kulia, kwenye ukosi wa shati. Alianza kusema polepole, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofifia.

"Usiku ule ulikuja ukala vizuri. Ukaniambia bega linauma. Nikakuuliza umefanya nini, ukasema usukani mgumu. Nikachukua dawa nikakukanda." Akapandisha mkono wake mwenyewe, akapitisha kidole kutoka bega la kulia, akishuka kuelekea nyonga ya kushoto. "Palikuwa na mstari mwekundu. Hivi. Nikasema shati limekubana."

Mkono wa baba ulikuwa umekwenda begani wenyewe, ukashika palepale, na alipogundua uko wapi hakuweza tena kuushusha.

Msichana aliona jinsi ambavyo wote wangeweza kuendelea hivyo: baba angenyanyuka arudi mlangoni, mama angeufuata mto wake, maji ya kuoga yangekuwepo, na yeye angebeba maneno kutoka upande mmoja wa jikoni kwenda mwingine mpaka azeeke, kila neno isipokuwa hilo moja. Mikono yake ilikuwa chini ya meza. Aliitoa akaiweka juu, mtu yeyote aione.

"Baba," alisema, na safari hii mdomo haukuchelewa. "Ulisikia. Ulimsikia, ukaendelea."